Kwelea wa Mzee Abdalah

Mwanzo wa kiangazi, upande wa Chinongwe hupiga baridi ya ajabu. Mwaka ule, miaka michache baada ya mradi mkubwa wa karanga kule Nachingwea kufungwa, baridi ilizidi mpaka majogoo wakawa wanawika kwa zamu: mmoja akiwika, wenzake wanaota moto. Asiyeamini na awaulize majogoo.

Katika baridi hiyo Swaumu aliamka kila siku kabla ya jua. Alifagia uwanja, akachota maji, akamwashia moto bibi yake, Mwantumu. Bibi Mwantumu hakuwa na maneno mengi asubuhi. Alikaa kwenye kigoda chake akashona virago, ile mikeka ya mafunjo ambayo watu wa kule huilalia. Mafunjo ni majani marefu yanayoota majini, nayo yalijaa upande mmoja wa ziwa la Nanjelele. Maji yalipopungua katikati ya kiangazi, wanawake waliingia kuyakata, wakayakausha, wakayashona, kisha wakavipeleka virago sokoni Ruangwa. Chumvi, sabuni, mafuta ya taa na sare ya shule ya Swaumu, vyote vilitoka kwenye mafunjo yale.

Zamani kazi hiyo waliifanya wawili, bibi na binti yake, mama yake Swaumu. Lakini masika yaliyopita mama yake Swaumu alishikwa na homa, akafariki kabla mvua hazijakatika. Tangu hapo nyumba ile ilikuwa kimya. Hata panya, nadhani, walitembea kwa vidole.

Swaumu alisoma darasa la nne. Mwalimu wake, Tadeo, alikuwa ameokota ubao mmoja mkuukuu, akautundika barazani pa shule, akauita ubao wa ndege. Kila Alhamisi jioni wanafunzi wawili, Swaumu na rafiki yake Dorotea, walikwenda ziwani kuangalia ndege. Ijumaa asubuhi walisimama mbele ya wenzao wakaeleza walichokiona, naye Mwalimu akaandika kwa chaki: yangeyange, kwarara, mnandi, mdiria, bata wa porini.

Wavulana waliwatania sana. Mmoja wao, Amri, hakuwapa nafasi ya kupumua.

"Haya, mabibi ndege! Yule furukombe kawapa salamu gani leo? Kasema atakuja kuoa nyumbani kwa nani?"

"Kwenu," Dorotea alimjibu. "Kasema amemwona dada yako."

Mwalimu Tadeo aliwaacha wacheke, ila kwa jambo moja hakuwa na mzaha. "Kwenye ubao huu hapandi ndege ila aliyeonwa," alisema, "na aonwe na macho ya huyo anayesema. Si ya jirani yake."

Ubao ule haukuwa mchezo. Mwaka huo kwelea, ndege wadogo walao nafaka, walikuwa wengi mno. Walishuka mashambani kama moshi wenye njaa, na shamba la mtama lililokuwa jekundu asubuhi lilibaki mabua matupu jioni. Watoto walishinda juu ya madungu wakipiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo mpaka sauti zikakauka. Bwana Shamba alikuwa amemwomba Mwalimu Tadeo msaada. "Watoto wako wakiona mahali wanapolala kwelea, niletee habari haraka," alisema. "Ndege hawa hulala pamoja. Wanaolala pamoja huchomwa pamoja."

Alhamisi moja Swaumu alimpitia Dorotea, akamkuta amejifunika shuka mpaka kichwani, anatetemeka.

"Nenda peke yako," Dorotea alisema, meno yakigongana. "Mimi hata paa la nyumba naliona linazunguka."

Swaumu akaondoka peke yake. Jua lilikuwa limefichwa na mawingu ya kijivu, na upepo ulivuma kutoka upande wa ziwa. Njia ya kwenda kwenye mafunjo ilipita kando ya makaburi. Dorotea alipokuwepo, walipita hapo wameshikana mikono, wakizungumza kwa sauti kubwa habari zisizo na maana. Siku hiyo Swaumu alifika penye njia panda akasimama. Kutoka pale aliliona kaburi la mama yake. Udongo wake ulikuwa bado haujaota hata jani moja. Alijaribu kuinua mguu, mguu ukakataa.

Ndipo alipotokea Mzee Abdalah, akitoka upande wa ziwa na migono yake ya kuvulia samaki begani. Ukoo wa Mzee Abdalah na ukoo wa kina Swaumu zilikuwa na utani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana ukacheka, na kukudanganya usikasirike, hata msibani. Siku ya kumzika mama yake Swaumu, mzee huyu ndiye aliyelala chali njiani, akazuia jeneza lisipite mpaka apewe kuku. Waliokuwa wakilia walijikuta wanacheka huku machozi yakiwatiririka.

"Mtumwa wangu!" Mzee Abdalah aliita kutoka mbali. "Umesimama hapo kama mwizi aliyesahau alichokuja kuiba. Kuna nini?"

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Nilikuwa nakwenda kwenye mafunjo kuangalia ndege. Wewe unatoka huko, babu?"

"Natoka huko? Nimetoroka huko!" Mzee aliitua migono, akashika kiuno. "Kwelea, mtumwa wangu, kwelea! Wamelala kwenye mafunjo hata ziwa limeinama upande mmoja, samaki wamemwagikia Ruangwa. Nikapiga chafya. Wakaruka wote kwa pamoja, jua likazimika. Ikabidi nikoke moto ili niione migono yangu, nao wakaupepea moto kwa mabawa mpaka ukaniunguza ndevu. Hebu tazama!"

Akanyoosha kidevu. Mzee Abdalah hakuwa na hata udevu mmoja, na hajapata kuwa nao.

Swaumu alicheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na alipomaliza alishangaa, maana tangu masika hakuwa amejisikia akicheka. Mzee akabeba migono yake akaenda zake. Swaumu akatazama tena njia ya makaburini, kisha akageuka akarudi nyumbani.

Usiku alipolala alijiambia: mzee alikuwa huko kweli, kwa hiyo lazima aliona kitu. Labda kwelea wapo, ila si wengi kiasi hicho. Hivyo ndivyo alivyoanza. Uongo wa mtani una pembe na mkia, hata kipofu anauona. Swaumu aliukata pembe, akaukata mkia, akauosha uso. Kulipokucha ulikuwa na sura ya kweli kabisa.

"Mwalimu," alisema Ijumaa, amesimama mbele ya ubao, "kwenye mafunjo kuna kwelea. Wengi sana. Wanalala pale."

Mwalimu Tadeo alishusha chaki.

"Umewaona?"

Hapo palikuwa na mlango, na mlango ulikuwa wazi. Swaumu angeweza kutoka.

"Ndiyo, Mwalimu. Nimewaona."

Wanafunzi wakapiga makofi. Hata Amri, ambaye mtama wa baba yake ulikuwa umeliwa nusu, alimtazama kwa heshima. Mwalimu aliandika neno "kwelea" kwa herufi kubwa, na siku hiyo hiyo akapeleka habari kwa Bwana Shamba.

Wiki iliyofuata lori lilifika kijijini likiwa na mapipa ya petroli. Jumbe, mkuu wa kijiji, alipita akitangaza: mafunjo ya Nanjelele yatachomwa kesho yake magharibi, ndege wakishatua kulala. Watu wa mashamba walishangilia. Bibi Mwantumu alikuwa anashona kirago. Sindano yake ilisimama.

"Yote?" aliuliza.

"Yote, mama," Jumbe alisema, akitazama chini. "Moto hauchagui."

Bibi aliweka kirago kando. Kisha akasema, "Kama ndege wapo, basi. Njaa ya kijiji ni kubwa kuliko njaa yangu." Akachukua mundu, akasimama. "Njoo, Swaumu. Tukate tutakachoweza."

Ulikuwa msimu usiofaa kukata. Maji yalikuwa bado yanafika kiunoni, na mafunjo yalikuwa mabichi. Mafunjo mabichi husinyaa kwenye kirago, na kirago kinabaki kama meno ya mzee. Lakini bibi aliingia majini na nguo zake, akakata, akakohoa, akakata tena. Swaumu aliburuta mizigo mpaka ukingoni. Mbele yake bata wa porini alipita na vifaranga vyake vimemfuata mkiani, vikapenya kwenye majani, vikapotea. Yangeyange walisimama juu ya mguu mmoja wakiwatazama. Kwelea hata wa dawa hakuonekana.

"Ajabu," bibi alisema akipumua kwa shida. "Penye kwelea majani huwa meupe kwa mavi, na pananuka. Hapa sioni kitu."

"Labda wako upande wa pili, bibi."

"Labda. Wewe umewaona. Macho yangu mimi ni ya uzeeni."

Swaumu aliona maji yale ya baridi yamempanda mpaka kooni, ingawa yalikuwa kiunoni tu.

Kesho yake mchana Dorotea alikuja. Homa ilikuwa imemwacha, lakini alikuwa amekonda, macho makubwa. Alimkuta Swaumu nyuma ya nyumba akitandaza mafunjo juani.

"Kwelea gani wanaosemwa?" aliuliza hata kabla ya kukaa. "Wiki ile ya kabla sijaugua tulizunguka ziwa zima, hatukuona hata mmoja."

"Mzee Abdalah alisema."

"Mzee Abdalah?" Dorotea alitoa macho. "Huyu aliyesema alifua shuka, upepo ukalipeperusha na yeye ndani mpaka Mbwemkuru, akarudi kwa miguu siku ya tatu na shuka limekauka? Mzee Abdalah huyo?"

Swaumu akaanza kulia. "Sikufika, Dorotea. Niliogopa kupita makaburini peke yangu. Na Mwalimu aliponiuliza, nikasema nimeona."

Dorotea alikaa karibu naye. Hakumcheka. "Nenda ukaseme."

"Watanizomea."

"Watakuzomea leo. Mafunjo yakiungua, bibi yako atashona nini kesho?"

Walipofika ziwani jua lilikuwa linakaribia kuzama. Nusu ya kijiji ilikuwa ukingoni. Bwana Shamba alisimama na Mwalimu Tadeo na Jumbe. Kwenye maji, vibarua wawili ndani ya mtumbwi walikuwa wamekwisha kumwaga pipa la kwanza katika kona ya karibu. Kona ile wanawake wote waliijua: ndiko mama yake Swaumu alikozoea kukata. Harufu ya petroli iliwakaba watu pumzi. Juu ya maji mafuta yalitanda, yakimetameta rangi nzuri zisizofaa kitu.

Swaumu alimwendea Mwalimu.

"Mwalimu, kwelea hawapo."

"Unasemaje?"

"Sikuwaona. Sikufika huku. Mzee Abdalah alinitania, nami nikayaleta maneno yake darasani, nikasema ni yangu."

Maneno hayo yakapita kutoka kwa waliokuwa karibu mpaka kwa waliokuwa mbali. Kisha minong'ono ikaanza. Mama mmoja akasema, "Maskini, mtoto wa marehemu." Mwingine akasema, "Maskini gani? Muongo!" Bibi Mwantumu alikuwa amesimama kando na mundu wake. Aligeuza uso akatazama maji, na hilo ndilo lililomuuma Swaumu kuliko yote.

Bwana Shamba alimtazama mtoto, akamtazama Mwalimu. "Wiki iliyopita kasema wapo. Leo kasema hawapo. Na mafunjo ni riziki ya bibi yake, nimeambiwa. Sasa nimwamini Swaumu yupi?"

Swaumu alikuwa anasema kweli, na kweli yake haikuwa na mnunuzi.

"Usiniamini mimi," alisema. "Ngojeni mwone wenyewe. Kwelea huja kulala jua likizama. Wakitua hapa, chomeni."

Mwalimu Tadeo akageuka kwa Bwana Shamba. "Tungoje, bwana. Moto hauozi tukiusubiri."

Bwana Shamba alifikiri, kisha akawaita vibarua warudi ukingoni. Basi nusu ile ya kijiji, pamoja na Jumbe na kofia yake, ikaketi kwenye nyasi kuangalia ndege. Amri hakutania mtu.

Walianza kuja yangeyange, weupe, wakatua juu ya majani. Kona ya karibu waliizunguka, wakaikimbia. Wakaja kwarara wakilia kama watoto walionyimwa uji. Wakaja mnandi, weusi, wamenyoosha shingo. Jua liligusa miti. Halafu mtu mmoja akanyoosha mkono: "Wale pale!"

Kutoka upande wa mashamba lilitokea wingu jembamba, linajikunja na kujikunjua kama nguo kwenye kamba. Kwelea. Walikuwa wanakuja moja kwa moja ziwani. Vibarua wakashika viberiti. Bibi Mwantumu akafumba macho. Swaumu hakufumba. Aliamua kwamba safari hii ataona kila kitu, hata kama ni kibaya.

Wingu lilifika juu ya vichwa vyao, likavuma kama mvua, likapita. Halikushuka. Lilivuka maji na kuendelea kuelekea bonde la Mbwemkuru, mpaka likazama kwenye vichaka vya miiba ng'ambo ya pili.

Bwana Shamba alivua kofia, akajikuna kichwa. "Wanalala kwenye miiba kule," alisema taratibu. "Tungechoma hapa, kesho wangekula mtama kama kawaida, nasi hatuna tone la petroli." Akawaamuru vibarua wapakie mapipa yaliyobaki.

Mzee Abdalah alikuwa amefika na migono yake, akasimuliwa. Alimwendea Bibi Mwantumu, akainamisha kichwa.

"Mtani, leo sina utani," alisema. Kisha akamgeukia Swaumu. "Mtoto wangu, nikikuambia jua lilizimika, maana yake sikuona kitu! Mimi nilikuta ziwa tupu, nikakuona na wewe uso wako mtupu. Nilitaka ucheke tu."

"Nilicheka, babu," Swaumu alisema.

Kwelea walichomwa kwenye miiba siku chache baadaye, na mtama uliobaki ukavunwa. Hakuna aliyekufa njaa. Lakini pipa lililomwagwa halikuweza kuzoleka. Mafunjo ya ile kona yalikauka yakiwa yamesimama, na yaliyokatwa hapo yalinuka petroli hata baada ya kuanikwa. Nani angelalia kirago kinachonuka mafuta? Bibi Mwantumu alipeleka sokoni mzigo mdogo mwaka huo, na sare mpya ya Swaumu haikununuliwa. Wanawake wengine walimgawia nafasi katika sehemu zao, mmoja mmoja, bila kupiga kelele. Mzee Abdalah alileta samaki kila Jumatatu, akiwaita bibi na mjukuu watumwa wake, naye bibi akawapokea akimwita mwizi wa kuku. Hivyo maisha yakaendelea, kwa kuchechemea.

Alhamisi ya kwanza baada ya jioni ile ya ziwani, Swaumu na Dorotea walizunguka ziwa lote. Ijumaa asubuhi Swaumu alisimama mbele ya ubao. Wengine walimtazama kwa jicho la kando. Alijua watamtazama hivyo kwa muda mrefu.

"Bata wa porini, mmoja, mama," alisema. "Vifaranga vyake vimekufa kwenye ile kona. Nimeviona kwa macho yangu."

Mwalimu Tadeo aliandika. Chaki yake ilikwenda polepole. Alipomaliza alifuta mikono, na Swaumu akanyoosha viganja vyake mbele, akingoja fimbo.

"Shusha mikono," Mwalimu alisema. "Nikikuchapa utadhani umelipa, na deni hili halilipwi kwangu. Sikilizeni wote. Mtu anaweza kuogopa. Anaweza kuchoka, anaweza kuugua, anaweza kushindwa kufika. Hayo si makosa. Kosa ni kuchukua macho ya mwingine ukayaita yako, kwa sababu watu watakata, watamwaga na kuwasha moto kwa kukuamini wewe." Akaugeukia ubao, akaonyesha sehemu nyeusi iliyobaki chini kabisa. "Swaumu, ile Ijumaa ungesema 'sikufika', ningeliandika neno hilo hapa. Ni neno dogo. Lina nafasi yake ubaoni, na haliui hata kifaranga kimoja."